Kidole cha Pili cha Mkono wa Kulia

Bandani, Tororo
Ijumaa alasiri

Nabwire, mama,

Wewe na mama yako mmekwenda Osukuru kumuaga mjomba wako, na mimi nimekataa kufuatana nanyi. Nilisema nabaki kumalizia sanduku la sanamu yako. Uongo. Sanduku limekwisha tangu saa sita. Nimekaa juu ya mbao zilizobaki, karatasi nimeiweka kwenye ubao wangu wa kupigia lipu, nakuandikia kwa Kiswahili cha mafundi, kwa sababu Kisamia chetu sikufundishwa kukiandika na Kiingereza chako kinanipita mbali. Usinicheke. Au nicheke, lakini soma mpaka mwisho.

Kesho saa nne treni inakuchukua kwenda Kampala, kwenye hicho chuo cha kuchonga watu. Habari za sabuni, za sweta, za nani utembee naye na nani usitembee naye, hizo mama yako atakuambia, na atarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu mavuno ya wimbi na limeninyima raha. Nasimama, nakaa, nasimama tena. Mama yako anadhani ni tumbo, ananichemshia majani machungu na mimi nakunywa kimya, nakunja uso. Si tumbo, mama. Ni kidole.

Mimi ndiye niliyevunja kidole cha sanamu yako, kile cha pili cha mkono wa kulia. Nilikivunja, nikatengeneza kingine, nikanyamaza. Basi, nimesema. Sasa ngoja nieleze, maana nikiachia hapo utadhani nilijikwaa nikaiangukia, na mimi sikujikwaa.

Unajua nilivyo. Mama yako husema, "Wewe Wandera, kuku akitaga utamwuliza kwa nini leo." Ni kweli. Kitu nisichokielewa kinaniwasha mwilini. Ulipokuwa na miaka saba ulitengeneza mtu kwa udongo wa kichuguu, kichwa kikubwa, mdomo hana. Nikakuuliza, "Huyu nani?" Ukasema, "Mtu." Mtu gani? "Mtu tu, baba." Mimi huyo, mtu gani, anatoka wapi, mbona hana mdomo, mpaka ukaanza kulia, ukasema, "Basi ni wewe!" Lo, nilifurahi! Nikazunguka na kile kidude nikiwaonyesha mafundi wenzangu, mwanangu amenitengeneza mimi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ulinitupia jibu ili ninyamaze, kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa. Na baada ya siku ile hukuniletea tena kitu cha udongo kunionyesha. Ulikuwa unavificha nyuma ya ghala. Nilikuwa naviona. Sikusema kitu, na hilo nalo linaniuma.

Ungedhani ningejifunza pale. Wapi! Kuna mama mmoja wa Mulanda, mjane, alikuja hapa bandani mwaka ule bendera ilipobadilishwa, wewe ukiwa darasa la tano. Alitaka nimjengee kaburi la mumewe, simiti safi, msalaba mfupi, na akasema mara mbili, "Usiandike kitu." Nikamaliza kazi, nikakaa nikaitazama. Kaburi halina neno! Niliona aibu kama fundi. Watu watasema Wandera hajui herufi. Basi simiti ikiwa bado mbichi nikachukua msumari nikaandika, bure kabisa, zawadi yangu, "Amepumzika kwa amani." Yule mama alipokuja kuona alisimama pale, akageuka taratibu, akaniuliza, "Nani amekuambia amepumzika?"

Nilichukua patasi. Nilitumia siku nzima kuyachonga yale maneno yaondoke na kupiga lipu upya, na yeye amekaa kwenye nyasi ananitazama. Mpaka leo sijui mumewe alikuwa mtu gani wala kulikuwa na nini kati yao. Nilirudi nyumbani siku ile nimejiapiza sitaingiza tena neno langu mahali nilipoambiwa pabaki patupu.

Nikakaa na kiapo hicho miaka yote hiyo mpaka ulipomaliza shule, ukarudi nyumbani, ukaniomba nusu mfuko wa simiti.

Nilikupa kwa moyo mmoja, nakuapia. Nilikukatia waya, nikakuonyesha mchanga upi wa kuchekecha na upi wa kuacha. Wiki tatu nilikuwa nakupita pale kando ya jiko nikijifanya natafuta koleo. Nikaona mtu anatoka kwenye waya. Amekaa, magoti pamoja, ukubwa wa mtoto wa miaka mitatu lakini mtoto si mtoto. Mwanamume si mwanamume, mwanamke si mwanamke. Kichwa kimeinamia kushoto, kama anasikiliza mtu aliye chumba cha pili. Macho uliyatia kwa kidole gumba tu, pah, pah, ukaacha. Na mikono ile! Wa kulia juu ya wa kushoto, yote miwili imefunika kitu mapajani. Kitu kipo, maana mikono imeinuka kidogo, inafunika kwa uangalifu. Lakini pa kuchungulia hakuna hata upenyo wa sindano. Nimejaribu.

Nikakuuliza, "Amefunika nini?"

Ukaendelea kuosha mwiko wangu. Ukasema, "Sijui, baba. Yeye ndiye anajua."

Ala! Mtu anatengeneza kitu kwa mikono yake mwenyewe halafu hakijui? Mimi nikitengeneza shimo la choo najua ni shimo la choo. Nilikasirika, mama, nikatoka nikaenda kupasua kokoto ambazo hakuna aliyezihitaji.

Na watu wakaanza kuja. Katekista alisema ni Mama Maria ameshika moyo wake, akataka kuivalisha rozari. Yule mama muuza samaki wa Busia alitua kikapu, akazunguka mara moja, akacheka mpaka akashika kiuno. "Huyu iko na magendo! Angalia vile nakaa! Mimi najua kukaa namna hii, askari nakuja, mimi naweka mikono hivi!" Mzee jirani yetu yeye alisema tuifunike kwa gunia, huenda kile ni kichanga kilichokufa. Kila mmoja alikuwa na lake, na kila mmoja alikwenda zake ameridhika. Mama yako peke yake hakutaka kujua. "Mimi namsalimia tu nikitoka asubuhi," alisema. "Mbona wewe humwachi akae?"

Mimi sikuweza kumwacha akae. Sasa nitakuambia kitu ambacho mwanamume hamwambii binti yake kirahisi. Nilikuwa na hofu. Niliona kuna jambo mwanangu analijua, amelifunika pale mbele ya macho yangu, na siku akiondoka ataondoka nalo, na mimi nitabaki nimekulea miaka yote hii bila kukujua. Nilifikiri nikijua kilicho chini ya mikono ile nitakuwa bado baba yako. Ni ujinga. Lakini ndivyo nilivyofikiri.

Ukaenda Busia kwa shangazi yako kumsaidia kuvuna wimbi. Wiki mbili. Siku ya nane, saa tano asubuhi, mama yako akiwa sokoni, nilichukua patasi ya chuma, ile nyembamba, na nyundo ndogo. Nilijiambia nitatoboa tundu dogo tu kati ya kidole cha pili na cha tatu, nichungulie, nizibe. Fundi wa miaka ishirini, tundu moja, nani atajua? Nikagonga mara mbili, polepole. Mara ya tatu patasi ikateleza kwenye waya wako na kidole kikaanguka chote, vipande vitatu, na kuku wa mama yako akaja mbio akadonoa kipande kimoja akidhani ni mahindi.

Nilimfukuza yule kuku kwa hasira ambayo haikuwa yake. Halafu nikatazama. Niliona waya. Nyuma ya waya simiti. Nyuma ya simiti sijui, sikwenda tena, maana uso uliniwaka kana kwamba kuna mtu amenivua nguo sokoni. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Sikuwa najua zaidi ya nilivyojua asubuhi, na mtu wako alikuwa hana kidole.

Nikatengeneza kingine. Nilichekecha mchanga ule ule kwa chekeche la unga la mama yako, na hilo usimwambie. Vidole vyako vyote ni vyembamba, virefu, vimelala. Changu kikatoka kinene, kifundo kimevimba, kimejikunja kidogo kama kinashikilia. Nikakiondoa. Nikatengeneza tena, kikatoka kile kile. Mara ya tatu nikakiacha, kwa sababu mikono yangu haijui kidole kingine ila hiki ninachoandikia.

Simiti mpya lazima inyweshwe, unajua, au itapasuka. Nikaifunika mikono yote kwa gunia lililolowa, na asubuhi na jioni nikawa namwagia maji kwa kopo, siku tano. Huwezi kumwagia maji haraka, yanamomonyoa. Unasimama, unatiririsha kidogo, unangoja yanywewe, unatiririsha tena. Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa najitukana tu. Siku ya tatu nikaona shingo yake. Sikuwahi kuiona ile shingo, Nabwire! Uliikunja pale nyuma kidogo tu, na maji yalikuwa yanapita pale, yanasita, ndipo yanashuka. Siku ya nne nikaona kwamba bega moja limechoka kuliko lingine. Siku ya tano nikajikuta nimekaa mbele yake, kopo tupu mkononi, jua limekwisha kuzunguka nyuma ya mwamba wa Tororo, na sijauliza kitu. Sijui nilikaa kwa muda gani. Mama yako aliniita chakula mara mbili.

Hilo ndilo lililonipata, na sijui kulieleza vizuri zaidi. Wewe unakwenda mahali wanaposoma mambo haya, huenda wana maneno yake. Mimi najua tu kwamba wiki nane nilimtazama yule mtu nikitaka anipe kitu, na siku tano nilimtazama nikitaka asipasuke, na hizo siku tano ndizo nilizomwona.

Ukarudi. Ulitua mzigo wa wimbi mlangoni, ukaenda kwake moja kwa moja kabla hata hujanywa maji. Ukasimama. Mimi nilikuwa ndani ya banda, nimeshika kamba sijui ya nini. Ukasema bila kugeuka, "Baba, huku mvua ilinyesha?"

Ardhi chini ya sanamu ilikuwa imelowa. Sikuifikiria! Nilipaka kidole masizi na vumbi kifanane na vingine, nikalificha gunia, na ardhi nikaiacha imelowa.

Nikasema, "Kidogo."

Vumbi la barabara lilikuwa mpaka kwenye nyusi zako. Kutoka Busia mpaka hapa hakukuwa na tone. Ukasema, "Haya," ukaingia ndani kula. Nimelisikia lile "haya" kila siku tangu siku ile.

Kisha akaja yule mwalimu wa Kampala, kijana mwenye ndevu na viatu vya vumbi, ambaye mkuu wako wa shule alimwandikia. Nilimsubiri kwa hamu. Nilijua huyu msomi ataniambia. Alizunguka sanamu yako, akachuchumaa, akasimama, akarudi nyuma, muda mrefu, wala hakuuliza ni nani wala amefunika nini. Nikashindwa. Nikamwambia, "Mwalimu, maana yake ni nini?"

Akacheka. "Mzee, ningejua ningekuwa nimekwisha ondoka."

Halafu akashuka tena mpaka usawa wa mikono. Akanyoosha kalamu yake kwenye kidole changu. "Lakini hiki! Vingine vyote vimelala. Hiki kimoja kinafanya kazi. Ulikifikiriaje?"

Ulikitazama kidole. Ukanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama paa, kana kwamba nimeona bati linavuja. Ukasema kwa sauti yako ile ya chini, "Kilikuja chenyewe, mwalimu."

Akaandika kwenye daftari lake. Na baada ya wiki chache ikaja barua kwamba una nafasi, na uje na sanamu. Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na vyombo vya kulia. Nami nikala, nikacheka, nikapokea mikono ya watu, na ndani yangu kuna kitu kinazunguka: wamemchukua mwanangu, au wamechukua kidole changu? Nikajaribu kumwandikia yule mwalimu. Nikachana. Si haki yangu kuandika, kazi ni yako. Ukitaka kumwambia, mwambie, na ikihitajika nitakuja Kampala mwenyewe na patasi yangu nisimame mbele yao. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ila usibebe jambo hili ukidhani baba yako hajui kwamba unalijua. Naona kichwa chako na mikono yako kila nikifumba macho, mwanangu, na kama kwa ajili ya kosa langu utakwenda chuoni ukiwa na shaka na nafasi yako, basi hilo ndilo litakalonimaliza, si simiti ya mapafuni.

Nimesimama tena. Nimekwenda mpaka barabarani nikatazama kama mnakuja. Bado.

Sasa la leo. Baada ya nyinyi kuondoka nilitandika majani makavu ndani ya sanduku, nikaiinamisha sanamu yako juu ya magunia ili niifunge kamba chini. Sijawahi kuuona upande wake wa chini. Kuna jina lako pale, NABWIRE. Hilo uliliandika simiti ikiwa mbichi, nalijua kwa kulishika: kingo za herufi zimeinuka, zimevimba kidogo, msumari ulipita kwenye simiti laini kama uji. Na chini ya jina lako kuna neno lingine. BABA.

Hilo halikuandikwa mbichi. Kingo hazikuinuka. Herufi zimekwaruzwa, nyembamba, nyeupe, mtu alisugua na msumari mara nyingi kwenye simiti iliyokwisha kukauka. Nilipitisha kidole changu na unga mweupe ukabaki kwenye ngozi. Hazina hata wiki mbili. Ulimlaza huyu mtu mzito peke yako, wakati mimi sipo, ukakaa chini ukakwaruza herufi nne.

Nimekaa nazo tangu saa sita. Nimeziuliza kila swali ninalolijua. Ni shukrani? Ni mashtaka, ili kila atakayeigeuza ajue nani aliharibu? Ni mzaha? Au ni kama mafundi wawili wanavyotia majina kwenye msingi mmoja, basi, kazi imekwisha? Nimekuwa na majibu manne na yote manne nimeyaamini, moja baada ya lingine. Nilipokuwa na la pili nililia, usimwambie mama yako.

Nilitaka kuificha barua hii ndani ya majani, uisome ukiwa mbali. Huo ni woga. Nitakupa mkononi, leo, kabla hatujala, na nitakwenda kukaa nje na kumsikiliza mama yako akisimulia mambo ya Osukuru.

Nawasikia sasa, mama yako anacheka kule kwenye kona. Sanamu nimeirudisha ndani ya sanduku kwa ubavu, upande wa chini unaonekana. Kifuniko sijakigongelea. Misumari iko kwenye kopo, na juu ya kifuniko nimeweka tupa yangu ndogo, ile ya mpini wa mvule, kali kabisa. Ukitaka kulifuta neno lile, lifute, ni kazi ya dakika chache. Ukitaka libaki, niletee nyundo. Sitakuuliza kwa nini.

Mimi baba yako,
Wandera